Korosho Zimelipwa: Tamthilia ya Muziki Ipi Inastahili Fedha Yako?

Minada ya korosho ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI inapoanza mwezi Oktoba na malipo kuingia benki, kila nyumba ya Ruangwa na Nachingwea hukaa na kupanga. Mabati yana fungu lake, ada za shule zina lake, viuatilifu vya msimu ujao pia. Burudani peke yake hununuliwa bila hesabu, fedha ikitoka mfukoni kidogo kidogo mpaka iishe. Mimi naipenda mno tamthilia ya muziki, ule mchezo wa jukwaani ambao hadithi yake husimuliwa kwa maneno, nyimbo na kucheza kwa pamoja. Naamini inastahili kupangiwa bajeti kama mahitaji mengine. Hapa kijijini Nandagala hatuna ukumbi wa maigizo, hivyo anayetaka kuona kazi kubwa za fani hii lazima achague njia ya kuzifikia, na kila njia ina bei yake.

Nimezipima njia hizo kwa mambo matatu. La kwanza ni gharama yote kwa mtu mmoja, kwa sababu anayehesabu tiketi peke yake anajidanganya. La pili ni uimbaji: je, unaowasikia ni waimbaji wa kweli waliobeba hadithi kifuani, au ni watu wazuri wa sura waliopewa vipaza sauti? La tatu linahusu kazi za zamani zinazorudishwa jukwaani au kwenye filamu. Toleo jipya linalobadilisha mavazi na taa tu halistahili hata shilingi, lakini toleo linalosahihisha kosa la zamani, au linalofika wakati watu wanalihitaji, mimi hulilipia mara mbili.

Simu na bando: njia ya bei ndogo

Mwenye kipato kidogo aanzie hapa. Filamu ya saa mbili kwa ubora wa kati hula karibu GB 1 ya bando. Kwa bei elekezi ya TCRA ya shilingi 2.03 hadi 9.35 kwa megabaiti, hiyo ni kati ya shilingi 2,000 na 9,400, kutegemea kifurushi ulichonunua. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa hiyo usiangalie filamu kwa vifurushi vidogo vya saa chache. Nunua cha wiki au cha mwezi, pakua mara moja, kisha tazama na jamaa zako. Watu wanne wakichangia, hata bei ya juu haifiki shilingi 2,500 kwa kichwa.

Kazi ya kwanza kununua ni "Sarafina!" ya Mbongeni Ngema. Ilianzia Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, ikaingia Broadway Januari 1988 na kuoneshwa mara 597. Filamu yake ikatoka mwaka 1992. Ni hadithi ya wanafunzi wa Soweto walioingia barabarani mwaka 1976 kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Leleti Khumalo aliyeibeba nafasi ya Sarafina jukwaani ndiye aliyeibeba kwenye filamu, na Miriam Makeba anaonekana kama mama yake. Kwa hiyo anayenunua filamu hii anapata sehemu kubwa ya kile walichokiona watazamaji wa jukwaani, sauti ileile na mwili uleule unaocheza. Wazee wa Nachingwea waliowaona wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji wakifundishwa vita katika kambi ya Farm 17 hawahitaji maelezo kujua kwa nini watoto wale wanaimba huku wakikimbia risasi. Yapo matoleo mafupi na marefu ya filamu hii. Chukua lile linalokaribia saa mbili.

Ya pili ni "West Side Story", na hapa ndipo ninapotetea toleo jipya waziwazi. Tamthilia yenyewe ni ya mwaka 1957. Filamu ya 1961 ilishangiliwa sana, lakini Maria, msichana wa Puerto Rico, aliigizwa na Natalie Wood, ambaye hakuwa wa asili hiyo, na nyimbo zake ziliimbwa na mtu mwingine, Marni Nixon. Katika filamu ya Steven Spielberg ya 2021, Rachel Zegler anaigiza na kuimba mwenyewe, na mazungumzo ya Kihispania yameachwa yasikike kama yanavyosemwa nyumbani. Rita Moreno, aliyepata Oscar kwa nafasi ya Anita katika filamu ya kwanza, amerudi katika ya pili kwa nafasi nyingine, na Ariana DeBose akapata Oscar kwa nafasi ileile ya Anita. Huko ndiko kurudia kazi kwa heshima. Kama bando linatosha filamu moja, chukua ya 2021.

"The Sound of Music" ni kinyume chake. Filamu ya 1965 yenye Julie Andrews ina karibu saa tatu, na hakuna dakika ninayoweza kuikata. Toleo la televisheni la Marekani la 2013, lililomweka Carrie Underwood katika nafasi ya Maria, lina sauti nzuri, lakini uigizaji wake ni mkavu na halisemi jambo jipya. Baki na la zamani.

Asiye na fedha ya video ajue kwamba sauti peke yake ni rahisi mno. Saa moja ya kusikiliza hula kama megabaiti 60, ambazo kwa kifurushi kizuri ni shilingi 120 hivi. Kwa njia hiyo unaweza kusikiliza "King Kong", tamthilia ya muziki ya Afrika Kusini ya mwaka 1959, yenye muziki wa Todd Matshikiza na sauti ya Miriam Makeba, kuhusu bondia Ezekiel Dlamini. Ilirudishwa jukwaani mwaka 2017 katika Fugard Theatre, Cape Town, lakini kwa anayesikiliza tu, rekodi ya waigizaji wa kwanza inatosha na kubaki.

Mtwara na Bagamoyo: safari ya ndani

Skrini haikupi kitu kimoja, nacho ni pumzi ya mtu anayeimba mbele yako. Kwa hilo lazima upande basi. Viwango vya nauli vya LATRA vilivyotangazwa mwishoni mwa 2023 ni shilingi 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Kutoka Ruangwa kupita Nanganga, Mingoyo na Lindi hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 600, yaani karibu shilingi 29,000 kwa daraja la kawaida na 41,000 kwa daraja la kati. Ongeza takriban 3,000 kufika Bagamoyo. Kwenda na kurudi kwa daraja la kawaida ni kama 65,000. Tuseme unalala gesti ya shilingi 20,000 kwa usiku tatu na kula kwa 10,000 kwa siku nne: jumla inafika 165,000 kabla ya kiingilio.

Unapata nini kwa fedha hiyo? Tamasha la sanaa la Bagamoyo linaandaliwa na TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Miaka mingi tamasha huangukia kati ya Septemba na Novemba, na kwa mkulima wa korosho huo ni wakati ambao malipo yanaanza kuonekana. Utaona maigizo, ngoma, sarakasi na muziki kwa siku kadhaa mfululizo. Ukigawa gharama kwa idadi ya maonesho, kila onesho moja linakuwa rahisi kuliko usiku mmoja wa disko mjini. Uliza tarehe kabla ya kununua tiketi ya basi, kwa maana tamasha halikai tarehe ileile kila mwaka.

Karibu nasi zaidi kuna tamasha la MaKuYa mjini Mtwara, linalokusanya ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao. Nauli yake haifiki nusu ya ile ya Dar. Hupati tamthilia kamili yenye hadithi ya mwanzo hadi mwisho, lakini unapata wachezaji na wapiga ngoma bora wa kusini. Anayetaka kuanzisha kikundi chake aanze kwa kuwatazama hao.

Nairobi: ghali, lakini ina sababu yake

Kwa kazi kubwa za dunia zinazooneshwa na waigizaji wa Afrika Mashariki, Nairobi imetutangulia. Nairobi Performing Arts Studio wamepandisha jukwaani "Sarafina!" na "Jesus Christ Superstar". Mwaka 2022, katika Kenya National Theatre, walirudisha "Ngaahika Ndeenda" ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, wakaionesha kwa Kigikuyu na kwa Kiingereza. Huo ndio urudishaji ninaouheshimu kuliko wote katika eneo letu. Mchezo huo, uliozimwa na serikali mwaka 1977, ulirudi katika mji mkuu wa nchi iliyouzima, ukasikika kwa lugha yake yenyewe.

Lakini hesabu ni nzito. Pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000, na nauli ya Ruangwa hadi Dar kwenda na kurudi ni 58,000. Umeshatumia 208,000 na bado hujavuka Namanga. Hati ya dharura ya safari hupunguza mzigo huo, lakini basi la kimataifa, malazi ya Nairobi na tiketi bado vinakusubiri. Safari hii inafaa kwa mtu mwenye shughuli nyingine Kenya, au kwa kiongozi wa kikundi anayekwenda kujifunza ili arudi kufundisha wenzake. Kwa burudani ya mtu mmoja, siishauri.

London na New York: acha

"The Lion King" iko Broadway tangu 1997 na London tangu 1999. Julie Taymor, aliyeiongoza, ndiye mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Tony kwa kuongoza tamthilia ya muziki. Ni kazi kubwa, na vinyago na vikaragosi vyake vina deni kwa sanaa za Afrika na Asia. Lakini ada ya viza ya Uingereza peke yake, iliyopandishwa hadi pauni 127 Aprili 2025, inapita shilingi laki nne, na ukinyimwa viza hairudishwi. Tiketi ya Broadway nayo kwa kawaida hupita dola 100. Fedha hizo, hata kabla ya ndege, zinaendesha kikundi cha kijiji msimu mzima. Aliye na ndugu huko na akapata nafasi, aende kwa moyo mkunjufu. Wengine tuiache bila kinyongo.

Kijijini kwetu: njia ninayoipigania

Oktoba 1977, wakulima na wafanyakazi wa kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walifungua "Ngaahika Ndeenda" katika ukumbi wa wazi wa watu 2,000 walioujenga kwa mikono yao. Novemba mwaka huohuo leseni ilifutwa, na ilipofika mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Serikali haikuwahi kuogopa namna hiyo ukumbi wa mjini wenye viti vya kitambaa. Kamĩrĩĩthũ ilithibitisha kwamba kijiji kinaweza kutengeneza tamthilia ya muziki ya kiwango cha juu bila kusubiri mfadhili.

Sasa tuhesabu. Watu 330 wa Nandagala na vijiji vya jirani wakilipa kiingilio cha shilingi 1,000 tu, zinapatikana 330,000. Hiyo ni sawasawa na gharama ya kupeleka watu wawili Bagamoyo kabla ya kiingilio. Fedha hiyo inakodi jenereta na spika, inanunua vitambaa vya mavazi na kuwapa waigizaji chakula cha mazoezi. Wakati wa kiangazi, baada ya mavuno ya nafaka na kabla ya korosho kuanza kudondoka, uwanja ni mkavu na watu wana nafasi.

Kazi ya kuigiza tunayo. "Kinjeketile" ya Ebrahim Hussein, iliyochapwa mwaka 1969, inahusu vita vya Maji Maji vilivyoanza 1905 katika milima ya Umatumbi, ndani ya mkoa wetu wa Lindi, na moto wake ukafika mpaka misheni ya Nyangao. Haikuandikwa kama tamthilia ya muziki, lakini ngoma za Kimwera, Kimakonde na Kimakua zinaweza kuibeba kwa nguvu kubwa. Aidha "Ngaahika Ndeenda" ina tafsiri ya Kiswahili, "Nitaolewa Nikipenda", na mgogoro wake wa ardhi na mikopo utaeleweka kwa kila mwanachama wa AMCOS. Kabla ya kuuza kiingilio, ombeni idhini ya mwenye haki, pateni ushauri wa ofisi ya hakimiliki, COSOTA, na mpite kwa afisa utamaduni wa halmashauri.

Hukumu

Mwenye shilingi 10,000 achukue "Sarafina!" na "West Side Story" ya 2021, atazame na familia. Mwenye 200,000 aende Bagamoyo, au aende Mtwara abaki na chenji. Nairobi iachwe kwa kiongozi wa kikundi, na London kwa mwenye mwenyeji. Lakini kama mko watu wengi wenye elfu mojamoja, msizitawanye. Ziwekeni pamoja, mchague mweka hazina mnayemwamini, na mwaka huu Nandagala ipandishe tamthilia yake yenyewe.