Diski bandia au kuunganisha pingili: Mgonjwa achague lipi?

Diski ya kiuno inapochakaa, na dawa pamoja na mazoezi ya viungo vikashindwa kutuliza maumivu, mgonjwa hukabiliwa na njia mbili za upasuaji.

Ya kwanza ni kuunganisha pingili kwa kipandikizi cha mfupa na skrubu. Maumivu yaweza kupungua, lakini sehemu hiyo haipindi tena na pingili jirani hubeba mzigo zaidi.

Ya pili ni diski bandia, iliyoidhinishwa Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 2004, ambayo huhifadhi mwendo. Hata hivyo, haimfai mwenye mifupa dhaifu au pingili iliyoteleza, na kuirekebisha baadaye ni hatari kwa kuwa iko karibu na mishipa mikubwa ya damu.

Hivyo, hali ya mgongo ndiyo iamuayo, wala si upya wa kifaa.