Nyumba Moja, Wapangaji Wengi

Mtu apitaye katika mitaa ya Mabawa, hapa Tanga, anazijua vema nyumba zetu za Kiswahili. Paa ni moja na msingi ni mmoja, lakini ukiingia ukumbini waona milango kulia na kushoto. Huku anakaa fundi cherehani, huku mwalimu, na kule mjane na wanawe. Kila mmoja ana ufunguo wake, na mwenye nyumba ndiye aangaliaye kwamba mpangaji mmoja hamwingilii mwenziwe. Leo twapenda kuitumia nyumba hiyo kueleza jambo ambalo wengi hudhani ni la mabenki na makampuni makubwa tu, nalo ni kuigawa kompyuta moja ili ifanye kazi ya kompyuta nyingi.

Tuchukue mfano wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi, lenye watumishi saba au wanane. Duka kama hilo, baada ya miaka michache, hujikuta lina kompyuta tatu zisizozimwa usiku wala mchana. Ya kwanza huweka mauzo na hesabu ya stoo. Ya pili hutunza mafaili ya ofisi. Ya tatu ni kuukuu, na hapana athubutuye kuigusa, kwa kuwa ndani yake mna programu ya zamani ya mishahara ambayo haikubali mfumo mpya. Ukizichunguza zote tatu utaona kwamba sehemu kubwa ya siku hazina kazi. Ni sawa na mtu mmoja kukodi nyumba tatu nzima, na katika kila nyumba akatumia chumba kimoja.

Dawa yake ni programu iitwayo haipavaiza. Hiyo huwekwa katika mashine moja yenye nguvu, ya namna iitwayo seva, ikawa ndiyo mwenye nyumba. Huigawa prosesa, memori na diski, ikafanya vyumba viitwavyo mashine pepe. Kila mashine pepe ina mfumo wake na programu zake, nayo hufanya kazi kama kompyuta kamili. Programu moja ikikwama, vyumba vingine huendelea na kazi. Hata ile programu kuukuu ya mishahara hupewa chumba chake pamoja na mfumo wake wa zamani, ila chumba hicho kisifunguliwe mlango wa intaneti, maana mfumo uliokwisha kuachwa na waliouunda hauna kinga.

Jambo hili si geni. Wataalamu wa IBM huko Cambridge, Marekani, walikwisha kuzigawa kompyuta zao kubwa namna hiyo katika miaka ya 1960, wakati mashine moja ilijaza ukumbi. Jipya ni kwamba sasa lawezekana katika mashine inayokaa chini ya meza ya karani.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kila kompyuta kati ya zile tatu hula wati 100. Kwa saa 24 zote tatu zitakula yuniti 7.2, na kwa siku 30 ni yuniti 216 za LUKU. Seva moja ikila wati 150 itamaliza yuniti 108 kwa mwezi, yaani nusu yake. Memori nayo igawanywe kwa akili. Katika gigabaiti 32, mauzo yapewe 8, mafaili 4, mishahara 4, na mwenye nyumba abaki na 4. Zilizosalia, 12, ni akiba ya mpangaji ajaye. Tena, katika mji wetu wa joto na upepo wa chumvi, ni rahisi zaidi kuilinda mashine moja kuliko tatu.

Lakini hapa ndipo tunapopenda msomaji atulie na kufikiri. Nyumba moja ikiungua, wapangaji wote hulala nje. Zamani, kompyuta moja ikifa, duka lilipoteza kazi moja. Sasa seva ikifa, mauzo, mafaili na mishahara husimama kwa siku moja. Madeni ya wateja yaliyoandikwa humo hupotea, na mtumishi aliyengojea mshahara mwisho wa mwezi huambiwa angoje tena. Kwa hiyo fedha iliyookolewa kwa kununua mashine moja si faida yote. Sehemu yake ni amana, nayo hapana budi itumike kununua usalama.

Usalama huo una masharti yake. Mashine iwe na diski mbili zinazoandika jambo moja kwa pamoja, ili moja ikiharibika nyingine ishike kazi. Iwe na UPS, ili umeme ukikatika ipate nafasi ya kuzimwa kwa utaratibu. Ziwepo nakala tatu za kila kitu, katika vyombo vya aina mbili, na moja katika hizo ilale mbali na duka. Wako wanaopiga picha ya hali ya mashine pepe kabla ya kufanya badiliko, wakadhani wamekwisha kuweka nakala. Sivyo. Picha hiyo kwa kawaida hukaa pamoja na mashine yenyewe, na chombo kikizama huzama nacho. Tena nakala isiyopata kujaribiwa ni tumaini tu. Kila baada ya miezi michache irudishwe katika mashine nyingine, hata kama ni kuukuu, ionekane kama yafanya kazi.

Yuko atakayeuliza: mbona tusiweke kila kitu katika huduma za wingu, huko ng'ambo? Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, na watu wengi nchini mwetu wakakosa intaneti. Duka ambalo hesabu zake zimo ndani liliweza kuendelea kuuza. Wingu ni mahali pema pa kuweka nakala ya tatu, lakini kazi ya kila siku ni afadhali iwe karibu.

Jambo jingine ni leseni. Kampuni ya VMware, iliyosifika sana katika kazi hii, ilinunuliwa na Broadcom mwezi Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. Aliyezoea kununua akatakiwa kulipa kodi, muda hata muda. Basi mwenye duka dogo na azitazame pia programu zilizo wazi, kama vile KVM, iliyomo katika Linux tangu 2007, na Proxmox ya Vienna, iliyotolewa 2008, ambazo hazidai ada ya leseni. Hata hivyo zadai elimu, na elimu hiyo isiwe ya fundi mmoja wa kupita njia. Afundishwe karani wa duka, iandikwe katika daftari, ili fundi akisafiri mlango usibaki umefungwa.

Hatusemi kila duka lifanye hivi. Mwenye kompyuta moja na daftari la mkopo hana haja nayo. Yamtosha kuweka nakala. Lakini mwenye mashine tatu zinazokula umeme bure na afikiri, na akishafikiri anunue mashine moja pamoja na ulinzi wake kwa siku ile ile, asiseme ulinzi utafuata. Wazee walitwambia akiba haiozi, na katika kazi hii akiba ni ile nakala iliyolala nyumba nyingine.