Mbu wa Mtaani Katika Baraza la Wanazuoni

Mtu atokaye Vingunguti asubuhi kwenda katikati ya mji wa Dar es Salaam, akiisha kuyapita machinjio na kuvuka reli, na harufu ya mabwawa ya majitaka ikiwa haijamwacha nguoni, akafika katika ukumbi wenye kipupwe na mazulia ambamo watu waliovaa beji shingoni wanajadiliana juu ya mbu, minyoo na kipindupindu, hana budi kuingiwa na fikira kwamba mambo yasemwayo pale yeye ameyaacha nyumbani, mlangoni pake.

Fikira hiyo haikosi kunijia kila nisikiapo habari za kongamano la kisayansi la kila mwaka ambalo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR kama tuizoeavyo, huliandaa pamoja na washirika wake. Taasisi hiyo iliundwa kwa Sheria ya Bunge Na. 23 ya mwaka 1979, miaka miwili baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika na kila dola kurithi vituo vya utafiti vilivyoangukia ndani ya mipaka yake. Kwa hivyo Amani, juu ya milima ya Usambara, na Mwanza, kando ya ziwa, vikawa mali yetu. Ofisi zake za Dar es Salaam zikawa pwani, katika barabara iliyokuwa ikiitwa Ocean Road, si mbali na hospitali ya zama za Wajerumani. Mjini humu humu, mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mjerumani Robert Koch alichungulia damu za watu katika darubini akitafuta vimelea vya malaria.

Kongamano la namna hii lina ada zake. Mgeni rasmi hufungua. Mtafiti hupewa dakika chache za kueleza kazi iliyomchukua miaka. Mabango hutundikwa ukutani, na mwenye bango husimama kando yake mfano wa muuza vitambaa anayengoja mteja. Lakini lililo tamu zaidi, kwa maoni yangu, halimo katika ratiba kubwa. Ni ile saa moja au mbili ambapo taasisi hujitenga katika chumba cha pembeni na kuwakusanya watu wake: wanafunzi wa zamani, mafundi wa maabara, wafadhili, washirika wa ng'ambo. Mtindo huo umeenea duniani. Katika mkutano wa kila mwaka wa chama cha Marekani cha tiba ya magonjwa ya nchi za joto, ambao huhudhuriwa na maelfu, ni jambo la kawaida kuona taasisi na vyuo vikialika jamaa zao jioni, watu wakaulizana hali, kazi ikapatikana kwa huyu na mradi ukazaliwa kwa yule, sambusa mkononi. Mkusanyiko huo waweza kuitwa mkutano wa jamii ya taasisi.

Hapo kwenye neno jamii ndipo ninapokwama. Ukumbini neno hilo maana yake ni wenye beji. Kwetu Vingunguti, tangu Mtambani mpaka Miembeni, mtafiti akija na mjumbe wa mtaa akapiga hodi, neno lile lile maana yake ni sisi tunaopigiwa hodi.

Na mchango wa hao wapigiwao hodi si haba. Mwaka 2004 Halmashauri ya Jiji, ikisaidiwa na Taasisi ya Afya ya Ifakara na wanazuoni wa nje, ilianzisha mpango wa kupambana na malaria mjini katika kata 15 za Ilala, Kinondoni na Temeke. Kila balozi wa nyumba kumi alikuwa na eneo lake. Basi ramani zikachorwa kwa mkono, eneo kwa eneo, kisha zikalinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani ili pasiachwe dimbwi, mfereji wala bustani ya mchicha. Waliozunguka kutafuta viluwiluwi walikuwa wakazi wa mitaa yenyewe. Mwaka 2006 wakaanza kumwaga dawa katika kata tatu, Buguruni, Kurasini na Mikocheni: chembe za magunzi ya mahindi zilizobebeshwa bakteria iliyogunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev, ambayo humwua kiluwiluwi ailapo na haimdhuru mtu wala samaki. Maambukizi katika kata hizo yalipungua, na habari yake ikachapishwa katika majarida ya kimataifa, kwa Kiingereza.

Jirani yangu mmoja, ambaye miaka hiyo alikuwa akikaa Buguruni, huniambia kwamba alipata kuwa mkamata mbu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: jua likichwa, mtu huketi kitini, hukunja suruali hadi magotini, na kila mbu atuapo mguuni humulikwa kwa tochi na kufyonzwa kwa mrija kabla hajauma, kisha hutiwa katika kikombe cha saa ile, mpaka alfajiri. Aliyemtangulia mbu alimpata, aliyechelewa alipatwa.

"Mbu wangu niliwapeleka wote," aliniambia siku moja tulipokuwa barazani. "Wakahesabiwa. Wewe uliyesoma, waliambiwa nini huko?"

Sikuwa na jawabu la haraka. Nilijua kwamba utafiti wa tiba nchini hauruhusiwi bila kupitiwa na kamati ya maadili, na kwamba baadhi ya taasisi zina kamati za ushauri za jamii, ambazo wajumbe wake ni watu wa mitaani. Hayo ni mema, walakini aghalabu humlinda mtu kabla ya utafiti, katika fomu ya ridhaa. Baada ya utafiti, mrejesho huishia katika ofisi ya kata, ukiwa na muhuri. Kwa nini saa ile ya chumba cha pembeni isiwe na viti vya wakamata mbu, na mazungumzo yakawa kwa Kiswahili? Nauli kutoka Vingunguti si kubwa kuliko ya ndege kutoka Basel, Uswisi.

Basi nikamtolea jirani nakala ya makala moja yenye ramani ya kata zile. Kiingereza kilimshinda, lakini ramani haikumshinda. Akaitandaza juu ya mkeka, akavaa miwani, akaifuata njia kwa kidole polepole, mdomo ukitaja majina ya watu badala ya majina ya mitaa, hata alipofika mahali fulani akasita.

"Hapa palikuwa na shimo la mchanga," akasema. "Maji yake hayakauki hata kiangazi. Hawakulitia."

Akaniomba kalamu.