Nililipa, nikacheza, nikafungiwa nje: Gemu za siku hizi ni za nani?

Kila Ijumaa saa tatu usiku nilikuwa na miadi ambayo sikuikosa hata nikiwa mgonjwa. Naosha sufuria, nafunga mlango wa keja yangu hapa Umoja, nawasha mashine, kisha nangoja jina la kaka yangu litokee pembeni mwa skrini likiwa na kitone cha kijani. Yeye yuko Doha, analinda ghala, na Ijumaa ndiyo siku yake ya kupumzika. Saa za Doha na Nairobi ni zile zile, kwa hivyo hatukuhitaji kupiga hesabu. Kitone kikiwaka tu, najua yuko salama.

Tumecheza gemu hiyo moja ya kandanda kwa miaka mitatu. Tulijenga timu polepole, mchezaji mmoja mmoja, kwa kushinda mechi na mara chache kwa pesa taslimu ambazo sitaki mamangu azijue. Kisha wiki nne zilizopita niliwasha mashine nikakuta maandishi mafupi: huduma za mtandaoni za gemu hii zimesitishwa. Chini yake kulikuwa na kitufe cha kununua toleo jipya.

Sitaitaja kampuni yenyewe. Sina pesa za wakili. Lakini nilikaa kitandani na padi mkononi kama mtu aliyefika nyumbani akakuta landilodi amebadilisha kufuli, na kodi ameilipa.

Najua kuna msomaji anasema, "Huyu ni mtu mzima, analilia mchezo wa watoto?" Ngoja kidogo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, nikasema nitarudi muhula ujao, na huo muhula ujao haujafika hadi leo. Sasa nafanya kazi kwenye saiba, najazia watu fomu na kuwachapishia CV za kazi ambazo mimi mwenyewe sijaitwa. Siku niliyoamua kuacha masomo sikujua nitamwambiaje kaka, kwa sababu ndiye aliyelipa karo ya mwaka wa kwanza kwa jasho la Ghuba. Kwa simu ningeshindwa. Nilimwambia Ijumaa usiku, tukingoja mechi ianze. Nikasema, "Brathe, nimeacha chuo." Akanyamaza. Mechi ikaanza, akanifunga mabao manne, kisha akasema, "Sawa. Tutaona cha kufanya." Hakurudia hayo maneno tena, na sikuhitaji arudie.

Wanaume wengi tunaongea vizuri macho yakiwa kwingine. Wazee wetu walikuwa na bao. Sisi tuna padi.

Tulianzia kwenye banda la gemu. Kama ulikulia Eastlands unalijua: mabati, benchi la mbao, televisheni ya mgongo mkubwa na PlayStation 2 iliyofunguliwa kifuniko ili isichemke. Mechi moja ilikuwa Sh10. Gemu ilikuwa ni "Winning" tu, hata kama kwenye kava iliandikwa jina jingine. Sheria zilikuwa mbili: anayefungwa anatoka, na ukivunja padi unalipa. Mwenye banda alikuwa na diski zake kwenye bahasha ya nailoni. Diski ikikwaruzika anaipangusa kwa fulana, inaendelea. Hakuomba ruhusa ya mtu yeyote Japani wala Marekani ili tucheze. Alinunua kitu, kikawa chake.

Hapo ndipo mambo yamebadilika. Siku hizi hata ukinunua diski, mara nyingi unaambiwa upakue gigabaiti kadhaa ndipo ianze. Mimi nilishawahi kuacha mashine ikipakua usiku kucha kwa Wi-Fi ya ploti, stima ikapotea saa tisa, asubuhi nikaanza upya. Na ukinunua bila diski, moja kwa moja mtandaoni, hujanunua gemu. Umenunua leseni ya kuicheza, na mwenye leseni anaweza kuifuta. Jambo hili limezua malalamiko kiasi kwamba jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria mwaka wa 2024 ya kuzuia maduka ya mtandaoni kutumia neno "nunua" bila kumwambia mteja wazi kwamba anachopata ni leseni. Watu wamelazimika kutunga sheria ili neno "nunua" limaanishe nunua!

Mfano unaojulikana zaidi ni The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Ufaransa, Ubisoft. Ilitoka Desemba 2014. Machi 31, 2024 seva zikazimwa, na kwa kuwa gemu hiyo ilihitaji intaneti hata ukicheza peke yako, diski zote duniani ziligeuka kuwa vioo vya kujitazamia. Mtengenezaji video mmoja Mmarekani, Ross Scott, alikasirika akaanzisha kampeni inayoitwa Stop Killing Games. Hadai seva ziwake milele. Ombi lake ni dogo: kampuni ikichoka na gemu, iiache katika hali ambayo aliyeinunua anaweza kuendelea kuicheza. Julai 2025 ombi hilo lilipita saini milioni moja katika Muungano wa Ulaya.

Sisi huku hatuna pa kutia saini. Kwanza, kuna pahali ambapo hata kwenye ramani hatumo. Mtandao wa PlayStation hauihudumii Kenya rasmi. Ukitaka akaunti, unajifanya unaishi Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Yaani ili utumie pesa zako, lazima kwanza udanganye anwani yako.

Mnakumbuka Helldivers 2? Mapema Mei 2024 Sony ilisema wachezaji wa kompyuta watalazimika kuunganisha gemu hiyo na akaunti ya PlayStation, wakati watu walikuwa wameshaicheza kwa miezi. Ikaondolewa sokoni kwenye Steam katika nchi na maeneo zaidi ya 170 ambako akaunti hizo hazipatikani. Wachezaji waliandika maoni mabaya zaidi ya 200,000 kwa siku chache tu, na Sony ikarudi nyuma. Nilifurahi, lakini nilijiuliza: hivi wale walioketi mezani wakakata shauri hilo walituona? Nadhani hawakutuchukia. Walitusahau tu, na sijui lipi ni baya zaidi.

Tuje kwa bei. Gemu kubwa mpya sasa ni dola 70. Kwa dola ya Sh129, hiyo ni zaidi ya Sh9,000. Mtaani kwetu hiyo ni kodi ya chumba, na chenji ya unga inabaki. Ukishalipa, ndani unakuta duka lingine. Pakiti za wachezaji, mavazi, sarafu za bandia. Unafungua pakiti bila kujua kilichomo, unapata beki wa akiba usiyemtaka, unafungua nyingine. Mwaka wa 2018 mamlaka ya Ubelgiji ilisema masanduku ya bahati ya aina hii ni kamari. Mimi naishi mtaa ambao vijana wanajua kamari vizuri kuliko meza ya kuzidisha, kwa hivyo sikuhitaji Mbelgiji anieleze. Ile hisia ya "moja tu ya mwisho" ni ile ile. Nimewahi kuchukua Fuliza usiku wa manane nikifukuza mshambuliaji mmoja. Sikumpata. Deni nililipa kwa wiki mbili. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Lakini kuna mtu aliyelipwa mshahara kuhakikisha nitalifanya.

Haki iwe haki: kuendesha seva ni gharama, na wanaotengeneza gemu zenyewe si wanaotajirika. Januari 2024 Microsoft ilitangaza kuwafuta kazi watu 1,900 katika kitengo chake cha gemu. Agosti mwaka huo huo Sony ilitoa Concord, gemu iliyotengenezwa kwa miaka mingi. Haikupata wachezaji, ikafungwa baada ya wiki mbili. Angalau wanunuzi walirudishiwa pesa. Lakini fikiria kijana aliyechora buti za mhusika mmoja kwa miezi, kisha kazi yake ikazimwa kabla mwezi haujaisha. Yeye na mimi tuko upande mmoja wa mlango.

Na si kwamba haiwezekani kufanya vizuri. Stardew Valley ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, ikatoka 2016, na miaka yote hiyo amekuwa akiiongezea vitu bila kudai senti. Haina pakiti. Hata intaneti ikikatika, kuku wako wanataga. Balatro ya 2024 nayo ni kazi ya mtu mmoja, ni karata tu, na inafunguka kwenye laptopu ya mtumba kama yangu. Kwa hivyo mtu akiniambia "hivyo ndivyo biashara ilivyo", namjibu kwamba hiyo ni biashara ya wachache walioamua iwe hivyo.

Siku hizi kabla ya kutoa pesa najiuliza maswali matatu. Itacheza bila intaneti? Kampuni ikifunga, nitabaki na nini? Na kama hakungekuwa na duka ndani yake, bado ningeipenda? Mawili yakikosa jibu zuri, pesa inabaki M-Pesa. Nakushauri ufanye hivyo pia, hasa wewe mwenye umri wa miaka 17 unayeomba shangazi akutumie "ya kitabu".

Kuhusu kaka, tumejaribu kupigiana simu Ijumaa. Haijakuwa rahisi. Anauliza hali, nasema poa. Nauliza kazi, anasema inasonga. Kisha tunasikilizana tukipumua hadi mmoja atoe kisingizio. Wiki jana nilihisi ana jambo, sauti ilikuwa nzito, lakini hakukuwa na mechi ya kungojea ili aliseme. Tukaagana.

Jumamosi nilishuka mjini nikanunua PlayStation 2 ya mtumba, padi mbili na kadi ya memori. Muuzaji alinipa diski ya "Winning" kama nyongeza, imekwaruzika kama kichwa cha goti la mtoto. Nikaipangusa kwa fulana, ikafunguka. Nikampigia kaka picha ya skrini nikamtumia.

Alijibu baada ya dakika moja, yeye ambaye huchukua siku nzima: "Hiyo inataka bando?"

Nikamwandikia haitaki.

Akasema, "Basi iweke. Desemba nakuja. Kuna kitu nataka kukwambia."