Sare Pekee Haitoshi

Serikali ya Mwai Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi Januari 2003, idadi ya wanafunzi nchini Kenya ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Januari 2004, mjini Eldoret, mzee Kimani Maruge aliyekuwa na umri wa miaka 84 alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, akavaa kaptura na soksi ndefu kama wenzake, na dunia nzima ikamjua. Hata hivyo, Eldoret hiyo hiyo, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2024, bado ina watoto wanaoshinda barabarani na chupa za gundi puani saa ambazo wenzao wako darasani. Karo iliondoka, vikwazo vingine vikabaki. Ndiyo maana anayejitolea kuwasaidia watoto hawa huleta faida kubwa zaidi anapomfikisha mtoto katika shule ya umma iliyo karibu na kwao, kisha akaendelea kumfuatilia baada ya kuandikishwa.

Kisheria hakuna utata. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamwajibisha mzazi kumpeleka mtoto shuleni. Tatizo huanza kwenye makaratasi. Mara nyingi mwalimu mkuu huhitaji cheti cha kuzaliwa ili amsajili mwanafunzi katika mfumo wa kielektroniki wa Wizara ya Elimu, kwa kuwa fedha za serikali hufuata idadi ya waliosajiliwa. Mama wa mtaa wa Langas au Huruma, Eldoret, aliyejifungulia nyumbani pengine hana kadi ya kliniki, na huenda hata kitambulisho chake kimepotea. Itambidi aanze kwa naibu wa chifu kutafuta barua, kisha aende ofisi ya usajili, aambiwe arudi wiki ijayo. Kila safari ni siku isiyo na kibarua: hakufua nguo za mtu, hakuna unga jioni. Mtu wa kujitolea anayejua ofisi hizo na aliye tayari kupanga foleni pamoja naye humwokolea mama huyo siku kadhaa za riziki.

Wengi hupenda kuanza na sare, na wana sababu. Utafiti uliofanywa Busia, ambako shirika moja liligawa sare kwa bahati nasibu, ulionyesha kwamba utoro ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto maskini kabisa. Lakini watafiti waliporudi baada ya miaka kadhaa, hawakuona tofauti ya kudumu kati ya waliopewa na wasiopewa. Sare ilimwingiza mtoto darasani. Kumbakisha kulihitaji mambo mengine: chakula, mlezi anayeuliza habari za shule, na mtu wa kubisha hodi mtoto anapokosekana siku tatu mfululizo.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya serikali, na kwamba kujitolea kunaipa kisingizio cha kulegea. Wana haki ya kudai. Lakini mtoto mwenye miaka tisa leo hatasubiri bajeti ya miaka mitano ijayo. Akifika kumi na minne bila kujua kusoma, kumrudisha gredi ya kwanza ni kazi ngumu zaidi. Isitoshe, kumwandikisha katika shule ya umma kunaiongezea serikali wajibu: akishasajiliwa, anahesabiwa, na fedha zake zinaweza kudaiwa. Kinachoipumzisha serikali ni madarasa ya pembeni ambayo hayajulikani na ofisi yoyote.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba wageni huja wiki mbili kwenye makao ya watoto, hupiga picha na watoto, kisha huondoka. Kenya yenyewe imeliona tatizo hilo. Mwaka 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Mwelekeo huo unaafikiana na hoja hii. Mtoto akilala kwao na kusoma shule ya mtaani kwao, anayefaa kumfuatilia ni jirani, fundi cherehani, mwalimu mstaafu au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi, mtu atakayekuwepo hata muhula wa tatu. Mgeni anaweza kuchangia fedha za viatu na usafiri wa kwenda ofisini.

Wengine hukata tamaa wakisema chokoraa hukimbia shule hata akipelekwa. Ni kweli, baadhi hutoroka, hasa wanapowekwa darasa moja na wadogo zao na kuchekwa, au wanapokosa cha kula nyumbani huku barabarani kuna shilingi kumi za kubeba mizigo. Sababu hizo zinajulikana, na kila moja ina dawa: masomo ya kumwandaa kabla ya kuingia darasani, mazungumzo na mwalimu, msaada mdogo kwa mlezi. Kutoroka mara moja kunaonyesha mahali ufuatiliaji ulipokatika, na hapo ndipo pa kurudia.

Basi kikundi cha kanisa, msikiti au chama cha akina mama kinachotaka kusaidia kisijipime kwa sare kilizogawa Januari. Kijipime kwa watoto waliobaki darasani mwezi Oktoba, na kwa kila asiyeonekana, mwanakikundi mmoja awe anajua anakoishi na kilichomtoa shuleni.