Unachora kwa malipo? Ile alama ya jicho imeshika pesa yako

Ukifungua orodha ya leya kwenye Photoshop, Krita au ibisPaint, kila leya ina alama ya jicho kando yake. Ukiigusa, leya inapotea. Ukiigusa tena, inarudi. Wengi wakishajua hilo wanasonga mbele. Lakini kama unachora kwa malipo, jicho hilo linaweza kukuletea salio ama likuache kwenye mataa.

Elewa kwanza kwamba kuficha si kufuta. Leya iliyofichwa bado iko ndani ya faili, imenyamaza tu. Tuseme mwenye kinyozi anataka bango na hajui kama anapenda maandishi mekundu au ya manjano. Usichore mara mbili. Weka kila rangi kwenye leya yake, ficha moja, toa PNG, kisha badilisha utoe ya pili. Mtumie zote kwa WhatsApp achague. Akigeuza nia saa nne usiku (na atageuza, zoea), wewe ni kugusa jicho tu. Photoshop yenyewe haikuwa na leya hadi toleo la 3.0, mwaka wa 1994. Hebu fikiria wasanii wa wakati huo na wateja kama hawa!

Kuna doa shavuni na hujui liko leya gani? Kwenye Photoshop, shikilia Alt ukibonyeza jicho: leya zingine zote zinazimika, inabaki hiyo moja. Procreate ina kisanduku cha tiki badala ya jicho. Kibonyeze ukishikilie, matokeo ni yale yale.

Sasa tuje kwa pesa. PNG na JPG hubeba kinachoonekana tu. PSD hubeba kila kitu, hata ulichoficha: michoro ya kwanza, rangi ulizokataa, na ile leya uliyoandika matusi ukiwa umekasirishwa na mteja. Yeyote mwenye Photoshop atawasha macho yote asome. Kwa hivyo mtu akisema "nitumie original nione tu" kabla ya kulipa, mpe PNG ndogo. Juu kabisa weka leya yenye jina lako, ipite katikati ya uso. Wengi huiweka pembeni eti wasiharibu picha, na mtu anaikata kwa sekunde mbili. Mimi nasema iharibu kwanza. M-Pesa ikiingia, zima hilo jicho, toa picha safi.

Akitaka PSD yenyewe, hiyo ni bei nyingine. Tengeneza nakala, kisha kwenye nakala hiyo futa asichopaswa kuona. Menyu ya Layer kwenye Photoshop ina amri ya kufuta leya zote zilizofichwa kwa mpigo mmoja. Angalia jina la faili mara mbili kabla ya kuibonyeza, maana ukiitumia kwenye faili lako la asili, ukahifadhi na kufunga, zimeenda.