Kyumbi kwa Penseli

Pale makutano ya Kyumbi, barabara ya Machakos inapoachana na ile ya Nairobi kwenda Mombasa, shingo nyingi zimeinama. Abiria anasoma ujumbe wa M-Pesa huku kondakta akimkazia macho. Mwendesha bodaboda amebana simu ndani ya helmeti, anabishana bei na mteja asiyemwona. Anayetaka kuchora teknolojia mpya hapa asianze na kifaa. Aanze na mwili unaokitumia.

Wachoraji wa usasa walilijua hilo zamani. Mjini Paris, kati ya 1907 na 1914, Pablo Picasso na Georges Braque walikataa kuchora kitu kwa upande mmoja tu. Wakavunjavunja umbo la gitaa na chupa ili pande kadhaa zionekane kwa pamoja. Huko Italia, Giacomo Balla alichora mwaka 1912 kijibwa chenye miguu chungu nzima, maana alichokitafuta kilikuwa mwendo. Kwa jicho hilo, mkono wa mwanabodaboda unaweza kuchorwa mara tatu katika karatasi moja: kwenye usukani, sikioni, mfukoni. Kamera ya simu ingechukua mmoja tu.

Afrika Mashariki nayo ina ukoo wake wa sanaa ya kisasa. Elimo Njau, Mtanzania aliyesomea Makerere, alianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Siku hizi Dennis Muraguri anachonga matatu kwenye mbao na kuzipiga chapa, naye Peterson Kamwathi anachora makundi ya watu kwa mkaa.

Na penseli? Kiini chake ni grafiti iliyochanganywa na udongo, mbinu aliyoibuni Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795. Grafiti ikizidi, mstari huwa laini na mweusi. Udongo ukizidi, huwa mgumu na hafifu. Rangi haina, na hiyo ndiyo faida yake. Kibanda cha M-Pesa, huduma iliyozinduliwa Machi 2007, hutambulika kwa kijani chake. Penseli humnyima mchoraji kijani hicho, naye hulazimika kukionyesha kibanda kwa kiwiko kilichoegemea dirisha dogo na kidole kinachoficha namba ya siri.

Walimu wa sanaa wa Machakos, wapelekeni wanafunzi Kyumbi Jumamosi moja, kila mmoja na penseli ya 2B. Wakae mbali na malori, wachore mikono kwanza, simu baadaye.